Fomu ya kurasa nne: mtu akirudi nyuma majibu yanapotea

kodi_safi: Wakuu, nina fomu ya PHP yenye kurasa 4: taarifa binafsi, anwani, viambatisho, uhakiki. Kila ukurasa unatuma kwa POST (ombi linalopeleka majibu ya fomu kwenye seva) kwenda unaofuata, na majibu ya nyuma nayabeba kwenye `input type="hidden"`. Kwenda mbele hakuna shida. Mtu akirudi nyuma, kivinjari kinamuuliza kama atume fomu upya, au anakuta nafasi ziko tupu. Nihifadhi wapi?

seva_kwanza: Mkuu, achana na kubeba majibu kwa kuyaficha. Yeyote anaweza kuyabadilisha kabla hayajafika ukurasa wa 4, kwa hiyo ukaguzi wa ukurasa wa 1 unakuwa kazi bure. Weka kwenye sesheni, yaani hifadhi ya kila mtumiaji inayokaa kwenye seva. `session_start()` ikae juu kabisa. Hata mstari mtupu ukitangulia `<?php`, kuki inayobeba namba ya sesheni inaweza isitumwe.

POST ikifika: kagua, hifadhi kwenye `$_SESSION['fomu']['anwani']`, elekeza kwa 303 (jibu linaloambia kivinjari kifungue ukurasa mwingine kwa GET, ombi la kusoma tu) kwenda hatua inayofuata, kisha `exit`. Ukurasa unaoonekana utakuwa umefunguliwa kwa GET, hivyo lile swali la kutuma upya halitokei tena. Kujaza tena (`$d` ni majibu ya hatua hiyo uliyohifadhi kwenye sesheni):

`value="<?= htmlspecialchars($d['mtaa'] ?? '', ENT_QUOTES) ?>"`

Usiiruke `ENT_QUOTES`, inayogeuza pia alama ya `'`, kama PHP yako ni ya kabla ya 8.1. Ukiandika `value='...'` na mtu amejaza "Ng'ambo ya mto", atakachokiona akirudi ni "Ng" tu.

tiki_na_faili: Naongezea panapowasumbua wengi. Kisanduku cha tiki kisichowekwa alama hakitumi chochote. Ukiunganisha majibu mapya na ya zamani kwa `array_merge`, tiki ya mwanzo haitoki kamwe hata mtu akiiondoa. Badilisha sehemu nzima ya hatua hiyo, usichanganye. `textarea` haina `value`. Maandishi yanakaa kati ya alama zake mbili.

Faili nalo halirudishwi kwenye nafasi yake, vivinjari havikubali. Na PHP inafuta faili la muda ombi likiisha, kwa hiyo lihamishe papo hapo kwa `move_uploaded_file` hadi folda iliyo nje ya ile inayofikiwa na wageni. Kwenye sesheni weka njia yake tu, na mtumiaji muoneshe jina la faili na kitufe cha "Badilisha".

kodi_safi: Nimeelewa, asanteni. Na kitufe changu cha "Rudi" kilichomo ndani ya fomu? Sasa hivi ni kiungo cha kawaida.

seva_kwanza: Hapo ndipo unapopoteza alichoandika kwenye ukurasa aliopo, maana kiungo hakitumi fomu. Kifanye kitufe cha kutuma: `name="enda" value="nyuma" formnovalidate`. Seva ihifadhi kilichopo hata kama hakijakamilika, imrudishe, na hatua hiyo isihesabiwe kuwa imekwisha.

vichupo_viwili: Mtu akifungua fomu kwenye vichupo viwili, majibu ya kichupo kimoja yatafunika ya kingine, kwa sababu sesheni ni moja. Ipe kila fomu namba yake kwa `bin2hex(random_bytes(16))`, ipitishe kwenye kiungo, na uhifadhi chini ya `$_SESSION['fomu'][$namba]`. Angalia pia `session.gc_maxlifetime`, muda ambao sesheni isiyotumika inaweza kufutwa ukipita: kwa kawaida ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Anayekwenda kutafuta cheti cha kuambatisha anaweza kurudi akute sesheni imeshafutwa. Kwa fomu ndefu, rasimu iwe kwenye hifadhidata, na kila ombi lihakikishe rasimu ni ya huyo huyo aliyeingia. Nywila usiihifadhi kwenye rasimu. Iombe hatua ya mwisho.