Naomba ushauri: Carina Ti inaingiza maji ndani, nipake silikoni gani?

Mtoto wa Kimbiji:
Wakuu habari za jioni. Nina Carina Ti ya 1998, namba B. Injini safi, giaboksi safi, tatizo ni maji. Mbele upande wa abiria, pale miguuni, kapeti limelowa chepechepe. Ukivua viatu na kukanyaga, maji yanapanda katikati ya vidole. Asubuhi vioo vyote vina ukungu kwa ndani na harufu ya uvundo imeanza. Nimetandika magazeti, nimeweka taulo, nimeanika mkeka juani, kesho yake hali ni ile ile.

Ninachouliza ni kimoja tu: silikoni gani nzuri kwa kazi hii na inapakwa wapi? Naomba tusizunguke sana, kufika Ijumaa nataka gari liwe kavu.

Kisiki:
Uza hiyo chukua IST. Kesi imefungwa.

Binti Upanga:
Pole sana. Yangu ilikuwa Vitz, na maji yalikuwa yanajaa kwenye buti, pale linapokaa tairi la akiba. Sikujua mpaka siku niliponusa kitu kama shamba. Kumbe kuna choroko zilimwagika nikitoka soko la Kisutu, zikapenya chini ya kapeti, zikaota. Naapa, zilikuwa na majani mawili mawili! Fundi alifungua taa za nyuma akakuta raba zake zimekauka na kukatika, maji yalikuwa yanapita nyuma ya taa moja kwa moja. Alibadilisha raba, ikaisha. Angalia taa zako za nyuma.

Kisiki:
Choroko ulizipika?

Nyundo ya Gerezani:
Mtoa mada, taa za nyuma hazilowanishi miguu ya abiria wa mbele, hilo liache kwanza. Na silikoni pia iache. Silikoni inakuja mwishoni, ukishajua maji yanapita wapi. Ukipaka kwa kubahatisha utaziba hata matundu ambayo kiwanda kiliyaweka ili maji yatoke, na hapo ndipo utalia.

Nijibu haya:
Yanaingia mvua ikinyesha tu, au hata siku za jua?
Maji yana rangi au utelezi ukiyashika? Rejeta inapungua maji?
Mlango wa abiria umewahi kufunguliwa ndani, kwa mfano kuweka spika?
Kioo cha mbele ni kile kile kilichokuja na gari?

Mtoto wa Kimbiji:
Asante fundi. Ni mvua tu. Maji ni safi kabisa, hayatelezi. Rejeta haipungui. Mlango haujaguswa. Kioo kipo vizuri, hakina ufa. Sasa silikoni nyeusi au ile nyeupe?

Nyundo ya Gerezani:
Sijauliza kama kina ufa. Nimeuliza kama ni kile kile.

Wakati unatafuta jibu, ngoja niandike njia, itawafaa na wengine, maana kwenye magari haya maji yanapotokea sipo yanapoingilia. Yanapita juu ya waya, yanafuata mkunjo wa bati, yanateremkia sehemu nyingine kabisa.

Kwanza fungua boneti, tazama pale chini ya wipa. Kuna mfereji unaopokea maji ya kioo, na kila pembe una tundu la kuyamwaga chini. Ukiegesha chini ya mwembe, majani na maua yanaoza mle yanakuwa tope, tundu linaziba, maji yanapanda mpaka yanafika mdomo wa feni ya hewa. Feni ya Carina iko kushoto, kwa abiria. Kwa hiyo mvua kubwa ikipiga, maji yanamwagikia miguu ya abiria, na mwenye gari anadhani ni mlango. Toa majani kwa mkono, usiyasukumie ndani.

Pili, kipimo cha bomba. Toa mkeka, inua kapeti. Mtu mmoja akae ndani na tochi, milango imefungwa. Wa nje amwage maji kwa mpira, taratibu, bila presha, akianzia CHINI kupanda juu: mlango kwanza, halafu mfereji wa wipa, halafu pembe za chini za kioo, halafu ubavu wa kioo, mwisho paa. Kila mahali dakika kadhaa kabla ya kupanda. Ukianza na paa, maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hujui lipi ni lipi. Msioshee kwa mashine ya presha, ile inaingiza maji hata kwenye gari jipya.

Tatu, raba za mlango. Funga mlango ukiwa umebana noti kwenye raba, kisha ivute. Ikitoka bila upinzani, hapo raba imelala. Zunguka mlango mzima. Ila kumbuka, maji kuingia ndani ya mlango wenyewe si ugonjwa, yanapitia kwenye kioo cha dirisha na yanatokea kwenye vitundu vya chini. Ugonjwa ni ile nailoni iliyo nyuma ya pambo la mlango ikichanwa, au vitundu vile vikizibwa na udongo.

Pwani Moja:
Salaam kutoka Mombasa. Fundi amesema kweli, lakini mimi nina kisa changu. Gari langu lilikuwa Corolla 110, likilowa upande huo huo, na hapa kwetu ilikuwa kaskazi, wala tone la mvua hatujaliona. Mzee wangu akaniambia ni heater. Nikaenda kwa fundi akazifunga paipu za heater, maana huku heater ya nini? Maji yakaendelea. Kumbe ni AC. Sanduku la AC lina kijimpira kinachotoa maji kwenda nje, chini ya gari. Changu kiliziba kwa vumbi na manyoya ya paka, sijui yule paka aliingiaje. Huyo paka alikuwa na historia yake ndefu, siku nyingine nitawahadithia.

Kisiki:
Hadithia sasa hivi.

Mtoto wa Kimbiji:
Haya fundi, kioo kilibadilishwa. Jiwe la lori barabara ya Morogoro. Nilipata kioo cha mtumba na fundi akanifungia siku hiyo hiyo. Ni fundi mzuri, hana duka lakini anafunga vioo vya daladala nyingi. Alitumia silikoni, akapaka mara mbili kwa usalama. Kwa hiyo sioni kama kioo kinaweza kuwa tatizo, ndiyo maana sikukitaja. Jumapili nilikagua ubavu wote kwa mkono, kukavu, ingawa taulo chini lilikuwa limelowa.

Nyundo ya Gerezani:
Umetaja leo kitu kilichotakiwa kuwa mstari wa kwanza.

Kioo hakifungwi kwa silikoni ya dirisha la nyumba. Kuna gundi yake, ya poliurethani, na chini yake inapakwa praima, dawa ya kushikisha gundi. Silikoni ile inayonuka siki ikiwa mbichi inakula bati lililochubuka. Kutu inavimba, inanyanyua gundi, maji yanapata njia. Ukipaka nyingine juu unafunika kutu iendelee kula. Dawa ni kutoa kioo, kusugua kutu mpaka bati jeupe, kupaka rangi ya kuzuia kutu na praima, kisha kukifunga upya kwa gundi yake na kuliacha gari litulie kwa muda ulioandikwa kwenye hiyo gundi. Na si suala la maji peke yake. Begi la hewa la abiria likifumuka huegemea kioo. Kioo kilichoshikwa na silikoni kinaweza kung'oka.

Jicho la Tatu:
Mimi naomba kujua kwa nini Ijumaa. Mvua haijapanga ratiba ya Ijumaa.

Mtoto wa Kimbiji:
Nina shughuli Jumamosi.

Jicho la Tatu:
Shughuli ya mteja?

Mtoto wa Kimbiji:
Ndiyo, kuna mteja, na sioni ubaya. Ametoa advansi ya milioni moja, Jumamosi anamalizia na kuchukua gari. Alilikagua mwenyewe na akaliendesha, siku hiyo lilikuwa kavu. Kapeti jipya nimeshalinunua, na fundi bodi nimeshampa hela apake lami chini kabla ya kulitandika. Mtu anayenunua gari la 1998 anajua ananunua gari la 1998. Na mimi niliponunua hili hakuna aliyeniambia lolote. Hela yenyewe ina kazi, ada ya mtoto inasubiri. Ndiyo maana niliuliza silikoni tu.

Mama Wawili:
Mwanangu, ada ya mtoto wako isitoke kwenye maji ya mtoto wa mwenzio. Huyo mteja naye ana watoto wa kuwapakia. Uvundo ule ni kuvu, mtoto mwenye pumu hauvumilii. Mpigie simu leo.

Wakili wa Mtaa:
Niongeze kidogo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi, huku unalijua, kuwa ni udanganyifu. Kukaa kimya ni suala moja na lina mjadala wake. Kupaka lami na kutandika kapeti jipya ili mtu asione ni suala jingine, hapo umefanya tendo. Na mkataba uliopatikana kwa njia hiyo aliyedanganywa anaweza kuuvunja. Halafu umeuandika mpango wako hapa hadharani.

Kisiki:
Mkuu futa uzi.

Jicho la Tatu:
Asifute, maana hakuna gari. Hii ni chai. Someni vizuri. Juu kasema yanaingia mvua ikinyesha TU. Halafu kasema Jumapili taulo lililowa. Mimi niko Tabata, Jumapili jua lilikuwa linachoma tangu asubuhi. Sasa hayo maji ya Jumapili yametoka wapi? Kioo cha mtumba, fundi asiye na duka, mteja, ada ya mtoto... mtu ametunga kisa atuchezeshe.

Binti Upanga:
Jamani kweli, na mimi nimekumbuka, Jumapili nilianika godoro.

Kisiki:
Chai ina tangawizi hii. Nilisema mapema, IST.

Pwani Moja:
Hata picha moja hajaweka. Huku kwetu mtu akiomba ushauri huanza na picha.

Mtoto wa Kimbiji:
Inaniuma sana kuitwa mwongo na watu niliowaomba msaada. Gari lipo nje hapa. Jumapili nilikwenda Bagamoyo kumwona mama mkwe, tulikuwa watano, jua kali, AC imewashwa kwenda na kurudi. Tuliporudi taulo lilikuwa la kukamua. Nikajua ni maji ya mvua ya wiki iliyopita yaliyobaki kwenye sponji. Mvua ndiyo niliyoiona mimi kila siku, ndiyo nikaisema. Ningetunga ningetunga kitu cha faida.

Nyundo ya Gerezani:
Acheni kumshambulia, amesema kweli na hajui amesema nini. Jicho la Tatu, umefanya kazi nzuri kuliko ulivyokusudia.

Mtoa mada, una uvujaji MIWILI. Mvua inaingilia kwenye kioo, na AC inamwagia ndani. Pwani Moja aliligusa, akakimbilia paka. AC inatoa unyevu kwenye hewa, na kwa joto na unyevu wa Dar hayo ni maji mengi, yote yanatakiwa kudondoka chini ya gari. Fanya hivi jioni ya leo: egesha pakavu, washa AC ya mwisho dakika ishirini, uchungulie chini upande wa abiria. Gari lisilo na tatizo linatakiwa lidondoshe. Kama hakuna tone, mpira umeziba. Utafute nyuma ya injini, kwenye bati linalotenganisha injini na abiria, upande wa kushoto, chini. Upulize kwa hewa ndogo kutokea chini. Ukitumia waya uwe laini na usiupeleke mbali, ndani kuna vibomba vyembamba vya gesi ya AC, ukivitoboa gesi imekwenda.

Ungepaka silikoni yako yote, mteja angerudi kabla ya wiki.

Mtoto wa Kimbiji:
Nimerudi. Nimewasha AC, chini kukavu kabisa. Mpira nimeupata, ulikuwa umejaa tope gumu kama udongo wa mchwa. Nilipoupuliza yalitoka maji ambayo sikutegemea, yakanilowesha mkono mpaka kwenye kiwiko. Sasa linadondosha vizuri.

Halafu mke wangu akakaa ndani na tochi nikamwaga maji kama ulivyoelekeza. Mlango kavu, mfereji wa wipa unashuka vizuri. Nilipofika pembe ya chini ya kioo, kushoto, akapiga kelele. Yanashuka nyuma ya boksi la dashibodi kama uzi. Picha nimeweka, Jicho la Tatu na wewe uzitazame, na namba ya gari nimeifunika.

Kuhusu mteja, nimempigia. Nimemwambia kioo kinavuja na kinatakiwa kutolewa. Sikufanya hivyo kwa sababu ya vifungu. Ni kwamba kazi ya kioo haiwezi kuisha Ijumaa na sitaki aje akute gari halina kioo. Amesema nipunguze bei au nitengeneze. Tunavutana.

Jicho la Tatu:
Nimeziona. Gari lipo. Pembe ile kutu imeanza kupandisha rangi.

Wakili wa Mtaa:
Mkikubaliana bei iandikwe kwamba ameambiwa kuhusu kioo, msaini wote.

Nyundo ya Gerezani:
Tengeneza wewe, usimwachie. Na lami usipake, mwambie fundi bodi asubiri. Lami juu ya bati bichi inafungia maji chini yake na sakafu inaoza ukiwa huoni. Toa kiti cha abiria, boliti nne. Kabla ya kuchomoa soketi yoyote chini ya kiti au karibu na konsoli, lile boksi la katikati ya viti vya mbele, hasa soketi ya manjano, ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri zaidi ya sekunde 90, hizo ni za begi la hewa. Kompyuta yake kwenye Toyota nyingi imekaa sakafuni chini ya konsoli, itazame kama imelowa. Kisha ng'oa kapeti lote pamoja na sponji lake. Lile sponji la chini linashika maji wiki nzima huku juu ukishika pakavu. Lianike juani mpaka ukilibana lisitoe kitu. Sakafu isugue, tafuta tundu kwa bisibisi, gonga taratibu. Bati likiwa zima ndipo upake rangi.

Mtoto wa Kimbiji:
Kiti kimeshatoka. Sakafu ina kutu juu juu, bisibisi haikupenya popote. Kompyuta kavu. Kioo kinatolewa Jumatatu na fundi mwingine, mwenye gundi yake.

Kisiki:
Na lile kapeti jipya ulilonunua, unauza shilingi ngapi?

Mtoto wa Kimbiji:
Siuzi. Linaingia kwenye gari hili hili, sponji likikauka.