Baridi imeisha, kitambi kimebaki: walioko ughaibuni tupeane uzoefu

Mzee wa Tandika (Leicester)

Wakuu, salaam. Saa zimesogezwa mbele, ukitoka kazini jua bado lipo, visingizio vimekwisha. Tangu Novemba maisha yalikuwa kazi, basi, kochi, wali. Unatoka gizani, unarudi gizani. Ramadhani nayo siku hizi inaangukia huku mwisho wa baridi, kwa hiyo wengine tumemalizia na sambusa na kalimati. Ushauri wa jumla umejaa mtandaoni, siutaki. Nataka mtu aseme yeye alifanya nini, anakula nini, na alipenyezaje hayo katikati ya shifti.

Naanza. Mimi ni mtu wa zamu za usiku, nahudumia wazee. Huku England kuanzia miaka 40 mpaka 74 unaitwa kupimwa bure kila baada ya miaka mitano: presha, lehemu (kolesteroli), hatari ya kisukari. Wengi wetu barua ile tunaitupa pamoja na za matangazo. Nilienda, sukari ikasoma 44. Kwa kipimo chao cha wastani wa miezi miwili mitatu, 42 hadi 47 uko kizingitini, 48 umeshaingia ndani. Nesi hakunipa dawa, aliniambia nitembee na nipunguze wanga.

Kutembea hakukunisumbua. Machipuko nikitoka zamu asubuhi kumekucha, basi naliacha liende zake. Kazi ilikuwa kwenye sahani. Wali wangu ulikuwa mlima, mchicha ni bendera iliyochomekwa kileleni. Sasa mboga inachukua nusu ya sahani, maharage au samaki robo, ugali robo, ukubwa wa ngumi. Na kile chakula cha saa tisa usiku nimekiua kabisa. Nabeba mayai ya kuchemsha na karanga, maana mashine iliyopo koridoni inauza biskuti na soda tu. Kipimo kilichofuata kilirudi chini ya 42. Karibuni.

Chapati Mbili

Ukubwa wa ngumi ya nani mkuu? Yangu au ya yule bondia Mandonga?

Mzee wa Tandika (Leicester)

Yako. Na usiikunjue wakati wa kupakua.

Mkenya Mzito (Glasgow)

Hamjambo wadau. Hapa hakuna mtu anaamini kuna Mkenya mzito. Ukisema unatoka Kenya wanakuangalia miguu kwanza. Miaka mingi nilikuwa naona haya kukimbia mbele ya watu, nisije nikatoboa siri ya taifa.

Kilichonitoa nyumbani ni parkrun. Kwa wasioijua: kila Jumamosi asubuhi, kilomita 5, bustani ya umma, bure. Unajisajili mara moja tu, unapewa msimbo wako, unaenda nao. England ni saa tatu kamili, huku Scotland saa tatu na nusu. Ilianza 2004 pale Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Raha yake ni kwamba kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, kwa hiyo hata uburute miguu vipi, wa mwisho ni yeye. Mimi nilianza kwa kutembea yote. Baadaye nikachanganya: dakika moja nakimbia, mbili natembea.

Na msidanganywe na mbio za kwenye televisheni. Wale mabingwa wa Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, siku za mazoezi mepesi wanakimbia polepole mpaka unashangaa, wanapiga stori njia nzima. Kama huwezi kuongea huku unakimbia, punguza mwendo.

Chakula: mwezi wa nne madukani utaona fungu la mboga limeandikwa spring greens. Hiyo ni ndugu ya sukuma wiki, na bei yake haiumizi. Katakata nyembamba, kitunguu, nyanya, mafuta kijiko kimoja, usiipike mpaka ibadilike rangi. Sijawahi kuelewa watu wanaokaa hapa wakilia kuwa wamekosa sukuma na iko pale rafuni.

Bint Kisauni (Toronto)

Assalam aleikum. Mie jimu siipendi, vioo vingi na kelele. Bwawa la mtaa wetu lina saa za wanawake peke yao, ndiko niendako na binti zangu. Baada ya Idi nafunga zile siku sita za mwezi wa Shawwal, na zanisaidia kulirudisha tumbo kwa adabu badala ya kuirukia lishe kali ghafla. Mahamri ni Jumapili tu. Sambusa naoka kwenye oveni. Si zile za mafuta, lakini zapita.

Mtoto wa Uvira (Des Moines)

Salamu ndugu zangu. Miye nilikulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kisha tukaletwa Iowa. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Umesimama mahali pamoja kutwa, kisu mkononi, mkono mmoja unarudia jambo moja. Watu wanafikiri kazi kama hiyo ni mazoezi. Siyo. Mwili unachoka bila kupata nguvu: bega moja linauma, miguu imevimba, na tumbo linaendelea kukua. Mama yangu kambini alilima, alibeba kuni, alibeba maji, na bugali alikula wa kutosha. Hapa alikaa ndani kwa sababu ya theluji na kwa sababu hajui Kiingereza. Presha ikapanda.

Jimu yetu ni shamba. Familia kadhaa za kanisani tulipata vipande kwenye bustani ya jamii. Udongo wa Iowa ni mweusi, mzito, ukiuona unasikitika umechelewa kuujua. Lakini ndugu zangu, msidanganywe na joto la mwezi wa nne! Linakuja siku chache, watu wanapanda, halafu usiku mmoja baridi inaunguza kila kitu. Wenyeji hapa nyanya wanangoja mpaka karibu na Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Lengalenga, ambayo ninyi mnaita mchicha, ingojeni hata zaidi kidogo, inataka udongo uwe umepata moto. Mwezi wa nne pandeni vitunguu, kabichi, njegere, na ile wanayoita collards, ambayo ni sukuma yenu kabisa. Hizo, baridi haizitishi.

Kulima kunafanya kazi ambayo mashine ya kukimbilia haifanyi: unachuchumaa, unainuka, unabeba ndoo, unavuta jembe. Wiki ya kwanza nilitembea nimepinda. Mama bado anameza dawa za presha, daktari hakuziondoa, nasema wazi ili mtu asitupe zake. Ila sasa anaenda shambani kwa miguu, analala usiku, na anagawa mboga kwa majirani hata wasiojua kuzipika. Mmoja aliweka lengalenga mbichi kwenye saladi. Mama alisikitika siku nzima.

Sombe, yale majani ya muhogo, haiwezekani hapa, muhogo unataka joto la miezi mingi, tunanunua ya kwenye friji. Na mawese punguzeni. Najua inauma.

Nyawira (Uppsala)

Des Moines mna bahati. Huku mwezi wa tano unaweza kuingia ukiwa na koti. Lakini kabla ya kupanda chochote, sisi tunachuma. Waliokulia Nyeri wanajua thabai, ule mmea unaouchoma mkono, bibi yangu aliutia kwenye mukimo, vile viazi vya kupondwa na mboga. Sweden wanao ndugu yake, umejaa kila mahali, na wenyeji wakati huu wanaupikia supu, juu yake yai la kuchemsha. Vaa glavu, chuma majani machanga ya juu kabla haujatoa maua, mbali na barabara na mbali na njia za mbwa. Ukishauchemsha, kuwasha kumekwisha. Watoto wangu walikataa supu, wakakubali mukimo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni chavua, ule unga wa maua unaopeperuka. Miaka ya mwanzo sikuwa na shida, kisha kila ikifika mwisho wa Aprili ni chafya, macho mekundu, kifua kinabana nikikimbia. Nikasema ni mafua, nikasema ni uzee. Kumbe ni mzio (aleji) wa miti ya birch, na wengi wanaohamia huku huupata baada ya kukaa misimu kadhaa. Sasa naanza vidonge vya famasia mapema, nakimbia mvua ikishanyesha, na nguo za nje haziingii chumba cha kulala. Kama kifua kinabana, muone daktari. Msiseme mazoezi yamewakataa.

Chapati Mbili

Hii ya bustani imenishika. Nina kibaraza tu lakini nitajaribu kwenye ndoo. Mbegu za mchicha nazipata wapi? Shemeji anakuja kutoka Moro, nimwambie abebe?

Mzee wa Tandika (Leicester)

Asibebe. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2019 mbegu za kupanda kwenye mzigo wa abiria zinataka cheti cha afya ya mimea, na Uingereza nayo ina masharti ya namna hiyo. Atanyang'anywa uwanjani, na wewe ulilie shemeji na mbegu.

Mchicha uko hapa hapa kwa majina ya watu wengine. Wajamaika wanauita callaloo, hata pakiti za mbegu zinaandikwa hivyo. Wabangladeshi wana mwekundu, lal shak. Wahindi wanasema chaulai. Hapa Leicester nenda maduka ya Belgrave Road. Baadhi ya wazee wa pale walitoka Uganda, waliofukuzwa na Amin 1972, wengine Kenya na kwetu. Ukisema mchicha hawahitaji mkalimani, na bei watakuambia kwa Kiswahili.

Ndoo itoboe chini. Mbegu zimwage juu, funika kwa udongo mwembamba sana, ukizizika hazitoki. Na iweke upande unaopata jua la mchana.