Tupeane uzoefu: theluji yako ya kwanza ilikujenga vipi?

#1 (mtoa mada)
Habari zenu wanajamvi. Wengi wetu tuliokulia kwenye joto tulikutana na theluji ukubwani, mazoea yakiwa yameshakaa. Picha za siku ile tulishapiga na ndugu walishazifurahia. Ninachokitafuta hapa ni kilichofuata baada ya picha: zile wiki ambazo theluji bado ipo na wewe unatakiwa kazini, darasani au hospitali. Kipi kilibadilika ndani yako?

Nianze mimi. Nilifika masomoni vuli inaisha, nikawa mtu wa kujifungia chumbani. Lugha ngeni, watu wageni, kila kitu nakiona kizito. Asubuhi moja nikaamka nikahisi kuna kitu kimepungua, kumbe ni kelele. Barabara iliyo chini ya dirisha langu haikosi magari, lakini siku ile yalipita kama yamevaa soksi. Baadaye mwalimu mmoja wa fizikia alinieleza kwamba theluji mpya imejaa nafasi za hewa katikati ya chembe zake, na sauti ikiingia humo inamezwa.

Nilivaa nikatoka. Nikatembea hadi maktaba, mahali nilipokuwa napaahirisha kila siku kwa kuogopa kuzungumza. Nikaomba kadi kwa lugha yao ya kuungaunga, nikaeleweka. Kilichonisaidia ni kwamba siku ile mji mzima ulikuwa unatembea polepole, wenyeji kwa wageni, kila mtu anaangalia anapokanyaga. Kwa mara ya kwanza sikujiona niko nyuma ya wenzangu. Toka hapo maktaba ikawa kama kwangu.

#2
Asante mtoa mada, umenigusa. Mimi nafanya usafi maofisini, natoka alfajiri kabla barabara hazijamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Theluji yenyewe haina neno. Hatari ni barafu iliyojificha chini yake: ya mchana imeyeyuka, usiku imeganda, halafu ikaangukiwa na theluji nyepesi juu. Nilianguka hadi nikawa nalala nikiiwazia asubuhi.

Kuna mama mmoja mtu mzima tulikuwa tunapanda naye basi. Hatukuwahi kuzungumza. Siku hiyo aliniona nimeng'ang'ania nguzo ya kituo, akaja akanishika kiwiko, akaanza kunifundisha kwa vitendo. Hatua fupi. Unyayo wote ushuke kwa pamoja, usitangulize kisigino. Magoti yalegee kidogo, uzito uegemee mguu wa mbele, na mikono itoke mifukoni ili ukiyumba ujiweke sawa. Akanitembeza kwenda na kurudi pale kituoni mpaka basi likaja, watu wanatuangalia, yeye hana habari nao.

Wanajamvi, mimi maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kubeba yangu kimya kimya. Kuomba msaada niliona ni aibu. Yule mama hakusubiri nimwombe, na nilipokubali kushikwa mkono kuna kitu kilifunguka. Mwezi huohuo nilimwambia msimamizi wangu kwamba fomu za mkataba sizielewi vizuri, akakaa nami tukazisoma mstari kwa mstari. Kabla ya hapo ningesaini tu.

#3
Kwangu mimi theluji haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa giza. Niko Stockholm, Sweden. Desemba huku jua linachomoza inakaribia saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Unaingia kazini giza, unatoka giza. Nilianza kulala kupita kiasi, hamu ya chakula ikapotea, simu za nyumbani nikawa sizipokei. Nilidhani imani yangu imepungua.

Daktari alinisikiliza akaniambia ni sonona inayokuja na majira ya baridi, na kwamba inatibika. Akanishauri taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), niketi mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, na mchana nitoke nje hata kama ni kwa muda mfupi. Hapo ndipo theluji ikawa rafiki yangu. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoiangukia, kwa hiyo mchana wenye theluji unang'aa kuliko mchana mkavu wenye lami nyeusi. Nikawa naisubiri. Leo mtu akiniambia "najisikia vibaya tu, sijui kwa nini", simwambii akaze moyo. Namwambia aende akaonwe, na nikiweza naenda naye.

#4
Nitofautiane kidogo na waliotangulia. Theluji siipendi, na miaka yote hii haijanibadilisha. Nasambaza vifurushi kwa gari. Theluji maana yake ni kuamka mapema zaidi, kukwangua kioo huku vidole vinauma, kisha kuingia barabarani huku unajua madaraja yanaganda kabla ya sehemu nyingine, kwa sababu upepo wa baridi unayapiga juu na chini.

Lakini nimekua, hilo silikatai. Zamani nilikuwa siwezi kumwambia mkubwa wangu wa kazi "hapana". Mvua ya baridi ilipoangukia ardhi iliyoganda, njia nzima ikawa kioo, nikampigia nikamwambia: bosi, barabara hii leo haipitiki, nimeegesha. Nilitegemea makelele. Akajibu, "Umefanya vizuri, subiri gari la chumvi lipite." Kustahimili kwangu kumekuwa ni kujua pa kusimama. Tusiwaambie wageni kwamba lazima waipende theluji ndipo waonekane wameiweza.

#5
Mkuu wa #4 umesema kweli. Mimi naomba nimlete Philip Boit wa Kenya, maana ndiye aliyenirudisha kwenye mazoezi. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 akapelekwa Finland kujifunza mbio za skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, kilomita 10. Akamaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie akamsubiri kwenye mstari akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo.

Wengi hukomea kwenye kumbatio. Mimi kinachonishika ni kwamba alirudi Salt Lake City 2002, akarudi tena Turin 2006. Fikirieni kuwa wa mwisho mbele ya dunia nzima, halafu ukaendelea kufanya mazoezi kwa miaka minane.

Nami nilijiunga na kikundi cha wakimbiaji wenyeji. Kwenye theluji laini ukisukuma mguu unazama na nguvu inapotea, kwa hiyo unafupisha hatua na kasi unaisahau. Niko mkiani kila wiki, na kila wiki naenda.

#6
Nimesoma zote. Naondoka Januari, sijawahi hata kuiona theluji kwa macho. Nina hofu, sitawaficha. Nianzie wapi?

#2
Mdogo wangu, karibu. Hofu ni haki yako, hata sisi tulikuwa nayo. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya mazoezi. Pamba ikilowa jasho inakaa na maji na kukupoza. Katikati vaa ya joto, juu ya kuzuia upepo. Ukihisi joto fungua zipu kabla hujatoka jasho. Viatu chukua namba moja juu ili soksi nene ikae, maana kiatu kikibana damu haifiki vidoleni. Vidole vikifa ganzi na kubadilika rangi, ingia ndani uviweke kwenye maji ya vuguvugu, usivisugue. Visiporudi hali yake, nenda hospitali.

Halafu andika hapa unaelekea nchi gani. Tumetapakaa kila upande, hutakosa wa kukupokea.