Naombeni ushauri: nitapataje muda wa kwenda msituni?

Mtu wa Kivule: Habari za jioni wakuu. Naishi Kivule, kazi Posta. Natoka saa 10 alfajiri, narudi saa 3 usiku, jua naliona kupitia dirisha la daladala. Juzi kati nilikaa chini ya mti mkubwa nikasikiliza ndege, nusura nilie. Nataka niwe naenda mara kwa mara ila muda sina. Wenzangu mnafanyaje?

Kipanga: Kivule na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ni pua na mdomo. Jumamosi bodaboda, lipa kiingilio, tembea. Tatizo nini?

Mama Salma: Mimi nina mpera uani. Alfajiri natoa kigoda, nasikiliza ndege wakigombea mapera. Baba Salma alitaka kuukata ajenge fremu ya duka, tukanuniana wiki mbili. Mpera upo. Fremu sijaiona.

Mtu wa Kivule: Jumamosi nina masomo. Pugu nishaenda, ndiko nilikowaona mbega wekundu.

Mwana wa Mang'ula: Chai hii! Nimezaliwa getini Udzungwa. Mbega wekundu ni wa kwetu, na ndugu zao kima punju wako Jozani, Unguja. Hao wa Pugu walishuka na SGR?

Dogo Janja wa Temeke: Chai ipo, maandazi mnaleta saa ngapi?

Mwana wa Mang'ula: Mleta uzi, jibu. Huo mti ulikuwa wapi na siku gani?

Mtu wa Kivule: Sawa. Ilikuwa Udzungwa, Alhamisi na Ijumaa. SGR hadi Moro, basi hadi Mang'ula, nikapanda mpaka maporomoko ya Sanje.

Kipanga: Alhamisi? Kazini ulisemaje?

Mtu wa Kivule: Kwamba mama kalazwa. Ni mara ya tatu tangu Januari. Sasa wamechanga laki na themanini, na Jumamosi wanataka kuja kumwona. Hela sijaigusa, msinihukumu. Likizo niliomba nikanyimwa mara mbili, ningefanyaje?

Mama Salma: Mwanangu, unamtabiria mama yako ugonjwa kwa ajili ya nyani? Rudisha pesa za watu usiku huuhuu.

Mtu wa Kivule: Mbega, mama. Na nikirudisha nitasema nini?

Mwana wa Mang'ula: Bado naona chai. Sanje unayaona maji yakianguka mita 170, hukutaja hata umande usoni.

Mtu wa Kivule: Nilivua miwani kwa sababu ya huo umande, nikateleza, goti mpaka leo linauma.

Mwana wa Mang'ula: Hapo pa kuteleza napajua. Nimeamini.

Kipanga: Mama yuko wapi hasa?

Mtu wa Kivule: Muheza. Mzima, jana kapalilia mihogo.

Kipanga: Muheza! Msitu wa Amani uko hapohapo wilayani kwenu, wazungu wanavuka bahari kuja kuuona, wewe unapanda treni kwenda kwa mbega wa watu. Rudisha mchango, sema mama hakulazwa. Kisha Ijumaa jioni panda basi la Tanga.

Mtu wa Kivule: Nitawaambia kapona. Hilo wiki hii nishalianza, nimemwambia bosi ana nafuu.

Mama Salma: Ya Rabi.

Dogo Janja wa Temeke: Kipanga, nauli ya Muheza shilingi ngapi? Bosi wangu hajawahi kumwona mama yangu.