Mwaka Kogwa, Bulabo au Maulidi ya Lamu: ipi inafaa kwenda na watoto na bibi yao?

Mama_Watatu
Wakuu, habari za humu. Tunaishi Dar, watoto watatu (miaka 4, 9 na 13) pamoja na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba mwaka huu tunawapeleka watoto wakaone sherehe yenye mizizi, ile ambayo wenyeji wangeifanya hata kama hakuna mgeni aliyekuja. Tumebaki na tatu: Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja; Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, ya Bujora kule Mwanza; na Maulidi ya Lamu, Kenya. Picha nimeziona nyingi. Ninachokitafuta ni neno la mtu aliyekwenda akiwa na mtoto mkononi.

MwanaKusini
Karibu sana dada, Makunduchi ni kwetu. Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa jua, ule unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao wakulima na mabaharia wa pwani waliufuata kwa misimu yao. Una siku 365 kamili, hauna mwaka mrefu, ndiyo maana siku yake husogea nyuma siku 1 kila miaka 4. Kwa sasa huangukia Julai.

Watoto watakachokiona kwanza ni wanaume wa pande mbili za mji wakichapana kwa mashina ya migomba. Kinyongo cha mwaka mzima kinatolewa pale, kisha kimekwisha. Baadaye kibanda cha makuti kinachomwa moto na aliyekuwa ndani anatoka mbio. Kina mama wanazunguka uwanjani wamevaa vizuri, wanaimba. Nyimbo zina mafumbo, na nyingine ni nzito, basi huyo wa miaka 13 akikuuliza maana yake uwe na jibu.

Lakini hayo ya uwanjani ni saa chache. Mwaka wenyewe uko majumbani. Kwetu nyumba isiyo na mgeni siku ya mwaka huona imepungukiwa, kwa hiyo mtu akikuita ule kwake, anakuita kwa dhati. Njooni mkiwa na mwenyeji. Asiye na mwenyeji huona moto, akapiga picha, akarudi hotelini Paje au Jambiani, na huyo, mwaka haujui bado.

Baba_Pacha
Nilikwenda na pacha wangu wakiwa na miaka 5. Anayoyasema MwanaKusini ni kweli, ila naongeza upande wa mtoto mdogo. Kibanda kilipowaka, upepo uligeuka, moshi ukatujia, na watu wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Mmoja wa pacha aliangushwa. Hakuumia, lakini alilia hadi jioni na hakutaka tena kusikia habari ya moto. Kosa lilikuwa langu, nilitaka waone kwa karibu. Wa miaka 4 abaki pembeni kabisa, upande ule upepo unakotokea, akiwa mgongoni au begani kwa mtu mzima.

Na boti. Julai ni kusi, bahari inachafuka. Safari ya Dar hadi Unguja ni kama saa mbili, na wangu walitapika zote. Pandeni ya asubuhi, wasile mafuta kabla ya safari.

Mbina_Mwanza
Mama Watatu, njoo kwetu! Bulabo inafungamana na sikukuu ya Ekaristi, siku 60 baada ya Pasaka, hivyo mara nyingi ni Juni. Inaanza na Misa na maandamano, kisha ngoma zinachukua nafasi kwa siku nyingi. Bujora iko Kisesa, karibu na Mwanza mjini, daladala zipo.

Wacheza ngoma wako makundi mawili makubwa tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watazamaji ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu yao! Kundi moja likitoa chatu, umati wote unakimbilia huko. Wengine wakirusha majembe juu katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, umati unarudi. Mtoto wa miaka 9 hahitaji kuelezwa chochote, atakimbia nao na atakuwa ameshiriki mashindano.

Hapo hapo ndipo penye hatari yake. Watoto hupotea kwenye mikimbio hiyo. Sisi huwa tunawavalisha fulana za rangi moja, tunawaandika namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na tunakubaliana mapema kwamba aliyepotea aende kanisani, lile la mviringo lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Huwezi kulikosa.

Bibi hatapata shida. Pale pale kuna makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, na ngoma za machifu zimehifadhiwa humo. Anapumzika kivulini akichoka na uwanja.

Mama_Watatu
Asante sana Mbina. Ila Dar hadi Mwanza kwa basi na mtoto wa miaka 4, kwa kweli naogopa.

Mbina_Mwanza
Ikate vipande viwili. Treni ya SGR hadi Dodoma, mlale hapo, kesho yake basi la asubuhi. Watoto wengi wanaisimulia treni kuliko chatu.

Wa_Mokowe
Assalaam aleikum. Dada yangu, nami niseme la Lamu. Maulidi yetu ni Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, na kilele chake ni mwisho wa mwezi, Msikiti wa Riyadha, alikosomesha Habib Swaleh. Kwa kuwa ni mwezi wa kuandama, kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Usikate tikiti kwa kalenda ya mwaka jana.

Mchana kuna mashindano ya punda na ya mashua, kirumbizi (mchezo wa fimbo), bao. Punda ndio watakaowateka watoto wako, kwani mjini hakuna magari ya kupita na punda ndiye anayebeba kila kitu. Usiku ni matari, kasida na dua hadi saa nyingi. Kisha zefe, yaani maandamano, linapita mitaani. Huyo wa miaka 4 atakuwa amelala, na ni sawa.

Sitakuficha ugumu wake. Vichochoro ni vyembamba na punda akija mbio hakuna pa kumkwepa isipokuwa barazani. Bibi mwenye magoti atapanda na kushuka ngazi: gatini, botini, na nyumba nyingi vyumba viko juu. Kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, mnavuka kwa boti, watoto wadai jaketi okozi kabla boti haijaondoka. Kwa kuwa mnavuka mpaka, kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa peke yake hakitoshi. Na vyumba hujaa mapema mno.

Jambo moja naliomba: hii ni ibada. Wanaokuja kama maonyesho hawafukuzwi, lakini watoto waelezwe wakiwa nyumbani kwamba watu watakuwa wanamsalia Mtume. Wakijua hilo, hukaa vizuri ajabu.

Baba_Pacha
Huyo wa miaka 13 yuko darasa la ngapi?

Mama_Watatu
La saba.

Baba_Pacha
Basi hilo linaamua. Mtihani ni Septemba. Mwaka Kogwa shule zimeshafunguliwa, na Maulidi kwa miaka hii yanaangukia huko huko karibu na mtihani. Bulabo inakaribiana na likizo ya Juni. Mwalimu hatakuelewa ukimtoa Julai.

MwanaKusini
Ninakubali, ingawa moyo unauma. Mwakani njooni Makunduchi, wa 4 atakuwa na miaka 5 na Baba Pacha ameshatufundisha pa kusimama. Niandikie pembeni miezi miwili kabla, nikuunganishe na nyumba ya shangazi. Vyumba vyake viko chini, hakuna ngazi hata moja.

Mama_Watatu
Nimemsomea mama mkwe yote haya. Ya Lamu aliyasikiliza kimya, kisha akasema angependa kufika kabla hajafa, lakini si kwa kukimbizana na punda. Kwa hiyo Juni ni Bujora, kwa treni. Makunduchi mwakani, na MwanaKusini nitakuandikia kweli. Swali la mwisho kwako: kwa shangazi tuje na nini?

MwanaKusini
Mchele na kanga. Na watoto.