Nywele kudondoka: mnahesabu moja moja, mnapima kwa kuvuta au mnapiga picha?

binti_kipilipili
Habari zenu wapendwa. Juzi nimefumua rasta nilizokaa nazo wiki 6, kuchana tu kikatoka kibonge cha nywele mpaka nikalia. Sasa nataka niwe nafuatilia, ipi inafaa kwa nywele ngumu kama zangu?

mama_wawili
Pole mdogo wangu. Kawaida mtu anadondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku, sasa ukiwa umesuka hazina pa kwenda zinabaki humo humo, siku 42 mara 50 tu ni 2100, ndo hicho kibonge chako. Mi nilihesabu kila siku nilipojifungua wa pili nikaishia kukosa usingizi, na zile za uzazi zinaanza kutoka kama miezi mitatu baada ya kujifungua halafu zinaacha zenyewe, mtoto kutimiza mwaka zangu zilisharudi.

chanuo_pana
Kuhesabu kila siku ni kwa wanaochana kila siku, sisi ukichana kavu kila siku unazikata mwenyewe. Mi nahesabu siku ya kuosha tu, nalinganisha na ya wiki iliyopita. Na angalia mwisho wa unywele, wenye kidoti cheupe umenyonyoka, mfupi usio na kidoti umekatika, hapo shida ni ukavu au dawa ya nywele. Ukizichanganya hizo mbili hesabu haikusaidii kitu.

kaka_msusi
Kuna ya kuvuta pia, shika nywele kama 60 vuta taratibu toka kwenye ngozi hadi nchani, zikitoka zaidi ya 6 hapo zinanyonyoka kweli, ila usifanye siku uliyoosha. Kwangu mimi picha inazishinda zote, kila tarehe 1, mwanga ule ule, njia ya katikati na pembeni mwa uso, kwa sababu hesabu haikwambii zimetoka wapi, na misuko ya kubana inakula pembeni kidogo kidogo huku idadi iko sawa tu.

binti_kipilipili
Asanteni sana jamani. Nimeangalia, nyingi zina kidoti. Ila kaka umenishtua, pembeni kushoto pamebaki peupe na palikuwa na vipele niliposuka.

kaka_msusi
Hapo usisubiri picha dada yangu. Usisuke tena kwa sasa, nenda kwa daktari wa ngozi wiki hii, pakishafanya kovu haziwezi kuota tena.