Mjomba aliniweka mkurugenzi wa kampuni "kwa jina tu", sasa makato ya NSSF ya wafanyakazi hayajapelekwa. Nifanyeje?

KijanaWaMkolani (mtoa mada):
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, usingizi umepaa.

Mwaka 2019 mjomba wangu alifungua kampuni ya usafi hapa Mwanza. Akaniambia BRELA (wakala wa serikali unaosajili kampuni) wanataka wakurugenzi wawili, nimpe namba ya NIDA na saini. "Ni jina tu, mjomba." Yeye akachukua hisa 99, mimi nikapewa 1. Kikao sijawahi kuitwa hata siku moja. Kila mwaka ananiletea makaratasi dukani, nasaini juu ya kaunta huku nahudumia wateja.

Juzi dada mmoja anayefanya usafi kwenye kampuni hiyo alikuja dukani. Ana mimba ya miezi saba. Alikwenda NSSF kuulizia fao la uzazi, akaambiwa michango yake imeishia Februari. Wakati huo huo hati zake za mshahara zinaonyesha amekatwa kila mwezi mpaka Septemba. Akaniambia, "Kaka, na jina lako lipo kwenye hiyo kampuni." Sikuwa na jibu.

Mjomba anasema mteja mkubwa hajalipa, akilipwa atapeleka. Wafanyakazi wapo 40. Mtu wa hisa moja nina kosa gani kisheria? Nikijiuzulu leo, nimetoka salama?

Mzee wa Igoma:
Jiuzulu leo leo. Kampuni ni LTD, deni ni la kampuni, wewe halikuhusu. Hisa moja utadaiwa nini?

Wakili_Ziwani:
Mzee wangu, kwa heshima, hapo umechanganya kofia mbili.

Hilo la deni kuwa la kampuni ni kweli kwa mwenye hisa. Mwaka 1897 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kesi ya mtengeneza viatu aliyeitwa Salomon. Kampuni yake ilikuwa na hisa 20,007. Yeye alikuwa na 20,001, zile sita akazigawa moja moja kwa mkewe na watoto watano. Ilipofilisika, wadai wakataka alipe yeye. Majaji wakasema hapana, kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, na madeni yake ni yake. Msingi huo ndio tunaoutumia mpaka leo.

Lakini kijana hakusainishwa kuwa mwanahisa peke yake. Alisainishwa kuwa MKURUGENZI, na hicho ni cheo chenye wajibu. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema kwa maslahi ya kampuni, atumie madaraka yake kwa lengo yaliyowekewa, awe na uangalifu na umakini katika kazi, na azingatie pia maslahi ya wafanyakazi. Hakuna kifungu kinachosema "isipokuwa yule aliyewekwa jina". Kutokuhudhuria vikao si utetezi. Mara nyingi ndiyo ushahidi wenyewe kwamba hukuwa mwangalifu.

Upande wa kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakwenda mbali zaidi. Kampuni isipolipa kodi kwa wakati, wanaoisimamia wanaweza kudaiwa wao wenyewe, na hata aliyetoka karibuni anaweza kuguswa. Kinga yake ni kuonyesha kwamba ulifanya kile ambacho mtu makini angefanya. Kwa hiyo kijana, waulize na PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mishahara. Aliyeshikilia NSSF mara nyingi PAYE nayo ameishikilia.

Kujiuzulu kunakutoa kwa ya kesho, hakufuti ya jana.

Mhasibu Nyegezi:
Niweke hesabu mezani. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10. Tuseme mshahara ni 200,000. Mfanyakazi anakatwa 20,000, kampuni inaongeza 20,000. Kwa watu 40 ni 1,600,000 kwa mwezi. Machi mpaka Septemba ni miezi saba, yaani 11,200,000, bado adhabu ya kuchelewa ambayo inaongezeka kila mwezi.

Nusu ya pesa hiyo haikuwa ya kampuni hata siku moja. Ilitoka kwenye jasho la watu ikapitia mkononi mwa mwajiri tu. Mteja kutolipa kunaweza kueleza ile nusu ya mwajiri. Makato je, yamekwenda wapi? Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hilo ndilo swali linalonikera kuliko yote, kwa sababu jibu lake siku zote ni "tuliyatumia kwa muda".

Mwambie mjomba aandike barua NSSF kabla hawajamfuata, aombe kulipa kwa awamu, aanze na wale wenye mafao yanayokaribia. Huyo dada awe wa kwanza kwenye orodha.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, nakuandikia kwa uchungu. Marehemu mume wangu alikuwa mkurugenzi wa pili kwenye kampuni ya rafiki yake. Kati ya makaratasi aliyosaini ilikuwemo dhamana binafsi ya mkopo. Hakuisoma. Kampuni ilipokwama, benki ilikuja kwetu, kwenye nyumba tuliyokuwa tunaishi. Pitia kila ulichosaini tangu 2019. Omba nakala, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

KijanaWaMkolani:
Mama, pole sana. Sikuwahi kufikiria dhamana. Na mjomba ndiye aliyenisomesha, nitaanzaje kumwandikia barua?

Wakili_Ziwani:
Ongea naye kwanza kama mjomba, kwa adabu, nyumbani kwake. Halafu andika kama mkurugenzi. Barua fupi: unaomba kikao cha bodi, taarifa za benki, stakabadhi za NSSF na TRA, na unapinga makato kutumika kwa kitu kingine. Hakikisha kikao kinaandikiwa muhtasari na msimamo wako umo. Lipia pia BRELA upate taarifa rasmi ya kampuni, uone umeandikwaje na kama ritani (taarifa za kampuni za kila mwaka) zimewasilishwa.

Ukishaona njia ya malipo imewekwa na bado unataka kutoka, jiuzulu kwa maandishi na fuatilia mwenyewe mabadiliko yapelekwe kwa Msajili ndani ya siku 14, fomu 210b. Wengi huacha barua mezani wakidhani wametoka, kumbe kwenye daftari bado wamo. Na kumbuka kampuni inatakiwa iwe na wakurugenzi wasiopungua wawili, hivyo mjomba atafute mtu wa nafasi yako. Huyo mtu umweleze ukweli wote.

KijanaWaMkolani:
Mrejesho. Nilikwenda Jumapili. Alikasirika, akanyamaza muda mrefu, kisha shangazi akamwambia, "Mtoto anakuuliza pesa za watu." Kikao ni Alhamisi. Taarifa za benki nimepewa, bado nazisoma. PAYE nayo ina miezi minne haijalipwa.

Mhasibu Nyegezi:
Na yule dada?

KijanaWaMkolani:
Michango yake ya miezi saba imelipwa jana, yeye peke yake kwanza. Nimempelekea nakala ya stakabadhi. Wamebaki 39.